Anayeona Vizuri Ndiye Asiyeonekana

Saa moja na robo asubuhi, barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, mbele kidogo ya Mikese. Jua limekaa juu ya lami kama sinia la shaba. Mbele yangu lori la semi-trela limebeba mbao, linatambaa. Nikachungulia, njia nyeupe. Nikawasha indiketa, nikatoka. Nilipofika usawa wa tairi za katikati za trela, ndani ya ule mng'aro pakatokea gari dogo la kijivu, kama vile lami yenyewe ndiyo imelizaa. Nilikanyaga breki nikarudi nyuma ya lori kwa pumzi moja. Yule mwenzangu alipita akiwa ameegemea honi, na alikuwa na kila haki ya kukasirika.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, na kinachonisumbua si uzembe wangu tu. Ni kwamba yule dereva hangeweza kuelewa kwa nini sikumwona. Kwake jua lilikuwa mgongoni. Barabara yote ilikuwa imemulikwa mbele yake, lori, miti, huenda hata namba za gari langu. Lakini jua hilohilo lilikuwa limeutia kivuli uso wa gari lake na kunipiga mimi machoni. Kadiri yeye alivyoona vizuri, ndivyo alivyokuwa mgumu kuonekana. Asubuhi wanaokwenda magharibi wako katika hali hiyo bila kujua, jioni zamu inawageukia wanaokwenda mashariki.

Jicho hutambua kitu kwa tofauti ya mwanga kati yake na kilicho nyuma yake. Chui akilala katika majani makavu humwoni, ingawa mwanga umejaa tele. Gari la kijivu juu ya lami, la kijani mbele ya miti, la kahawia katika vumbi la barabara ya changarawe, yote yamevaa nguo ya chui. Isitoshe, sehemu ya jicho inayosoma herufi na kutambua sura ni ndogo mno. Nyoosha mkono mbele yako utazame dole gumba: eneo unaloliona kwa ukali wake wote halizidi sana upana wa ukucha wake. Kwingine kote jicho linabahatisha maumbo, ila mwanga na mwendo linavinasa upesi.

Sasa tupime gari lenyewe. Gari dogo lina upana wa mita 1.7 hivi. Likiwa mita 200 kutoka kwako, machoni lina upana sawa na mwezi mpevu. Likiwa mita 400, ni nusu ya mwezi. Magari mawili yakielekeana, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa, umbali kati yao unaliwa kwa mita 44 kila sekunde, kwa hiyo hizo mita 400 zinaisha katika sekunde 9. Na kulipita lori refu kunaweza kula sekunde 10. Uamuzi wote wa kutoka au kutotoka unategemea kitu kilicho kidogo kuliko nusu ya mwezi, tena bila mng'aro wake.

Taa inaupa mwezi huo mng'aro. Ndiyo kazi nzima ya taa za mchana. Hazimmulikii dereva chochote, zinawaonyesha wengine kwamba yupo.

Watu wa kaskazini ya mbali walilitambua mapema, kwa kuwa jua lao la majira ya baridi halipandi. Ufini ilianza mwaka 1972 kuwataka madereva wawashe taa mchana wakati wa baridi nje ya miji. Uswidi ikafuata mwaka 1977, mwaka mzima na kila mahali. Kanada iliamuru magari mapya yote yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989 yawe nazo, na Umoja wa Ulaya ukaziweka kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Ndiyo maana magari ya karibuni yana ule mstari mweupe usiozimika.

Je, zinasaidia? Mwaka 1996 Rune Elvik, mtafiti wa Norwe, alikusanya tafiti nyingi akahitimisha kwamba gari linalotumia taa mchana hupunguza ajali za mchana zinazohusisha chombo zaidi ya kimoja kwa asilimia 10 hadi 15. Hata hivyo wataalamu hawajakubaliana kwa sauti moja. Austria iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana mwaka 2005, ikaifuta sheria hiyo mwanzoni mwa 2008, na moja ya hoja za wapinzani wa taa hizi ni kwamba magari yote yakiwaka pikipiki inapotea kati yao. Hoja hiyo naiheshimu, hasa kwetu wenye bodaboda kila kona. Jua la ikweta nalo hupanda haraka, kwa hiyo faida ya Uswidi huenda isiwe yetu nzima. Lakini sisi tuna vumbi, tuna mvua za ghafla, tuna ukungu wa milimani, tuna vivuli vya miembe vinavyomeza gari saa sita mchana. Kwa maoni yangu hayo yanatosha.

Gari langu ni Land Cruiser ya mwaka 1992, ya kijivu pia. Njia rahisi ingekuwa kuwasha taa kubwa, nazo zinasaidia kweli. Ila balbu mbili za haloji hula wati 110 kabla hujazihesabu za nyuma na za dashibodi, balbu zinachoka, na siku ukisahau kuzima betri inalala. Kanada na Marekani baadhi ya watengenezaji walitumia ujanja wa kuziunga taa kali mbili kwa mfuatano, ili kila moja ipate nusu ya volti. Balbu ya waya ukiipa nusu ya volti haitoi nusu ya mwanga, inashuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Kwa kuonekana tu, sehemu hiyo inatosha.

Mimi nilichagua taa za LED, jozi moja ya wati 15 hivi. Fundi umeme wangu alianza kwa kupima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.1 ikinguruma. Kisha akanionyesha kikasha kidogo cheusi kilichokuja na taa. Kina waya wa chanya uliopitia fyuzi, waya wa hasi, na wa tatu unaounganishwa na taa ndogo za gari. Kikasha kinasikiliza volti. Zikipanda juu ya 13 kinajua alternata inachaji, kinawasha taa. Ukiwasha taa ndogo jioni, ule waya wa tatu unakiambia kizime au kififishe. Alijaribu kwanza kuuchomeka kwenye taa kubwa, mambo yakagoma, maana katika gari langu swichi ya taa kubwa inakata upande wa hasi na chanya iko pale wakati wote. Na baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani ni za volti 24. Hakikisha kabla hujanunua.

Mahali pa kuzifunga pana maana kuliko bei. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa ziwe kati ya sentimita 25 na 150 kutoka ardhini, na angalau sentimita 60 kati ya moja na nyingine. Anayekuja anapima umbali wako kwa nafasi kati ya taa mbili. Ukizibananisha katikati ya bampa unaonekana uko mbali kuliko ulivyo, na anayetaka kulipita lori anatoka. Rangi iwe nyeupe, mwanga uwe wa kutulia. Ukali unaotakiwa ni kati ya kandela 400 na 1,200, na kandela moja ni karibu mwanga wa mshumaa mmoja. Zile za buluu na za kumetameta zinazouzwa kando ya barabara ziache hukohuko.

Na usidanganyike: nyuma yako bado ni giza. Taa hizi ni za mbele tu. Mvua ikishuka au ukungu ukikaa, washa taa kubwa ili na za nyuma ziwake.

Kwetu taa mchana zimezoeleka kwa harusi, msiba na misafara ya wakubwa. Tangu nizifunge, karibu kila safari kuna dereva anayenifumbia na kunifumbulia kiganja: umesahau taa. Namshukuru kwa wema wake. Ila ukikutana na gari kuukuu limewaka saa nne asubuhi, liache liwake, na wewe washa zako.