Tatuu ndogo: Je, msichana aifiche anapoomba kujiunga na chama cha udada Marekani?

KILA mwezi Agosti, siku chache kabla ya masomo kuanza, maelfu ya wasichana katika vyuo vikuu vya Marekani hupiga foleni nje ya majumba yenye herufi za Kigiriki mlangoni, wakingoja kupigwa msasa na wanafunzi waliowatangulia chuoni kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Huo ndio msimu wa usajili wa vyama vya udada, maarufu kama sororiti, jina lenye asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya dada. Wakenya wenye mabinti wanaosomea huko wana sababu ya kuuelewa msimu huo, kwa kuwa mgeni asiye na jamaa chuoni aghalabu huvutiwa mno na ahadi ya kupata dada wengi kwa mpigo.

Miongoni mwa maswali yanayowakosesha wasichana hao usingizi ni hili: mwenye tatuu ndogo, tuseme ua kwenye kifundo cha mguu au neno moja mkononi, aifiche au aiache ionekane?

Kwa ufupi, anaweza kuifunika akipenda, lakini hana sababu ya kuikana.

Kura za faragha

Vyama hivi si vya jana. Alpha Delta Pi, mojawapo ya vile vikongwe, kilianzia katika chuo cha wanawake mjini Macon, jimbo la Georgia, mwaka wa 1851. Mnamo 1902 viliundiwa umoja wa kitaifa, National Panhellenic Conference, ambao hadi leo hutoa mwongozo wa usajili.

Msichana huzuru nyumba kadhaa na kuzungumza na wenyeji kwa dakika chache katika kila moja. Akishaondoka, wanachama humpa alama au humpigia kura faraghani. Katika awamu inayofuata hupokea orodha ya nyumba zilizomwalika tena, naye huzipanga kwa jinsi anavyozipenda. Mwishoni, kompyuta hulinganisha chaguo za pande zote mbili.

Anayeachwa haelezwi sababu. Hapo ndipo hofu huzaliwa. Kwa kuwa hajui alikosea wapi, msichana hutafuta kosa mwilini mwake: nywele, viatu, uzani, au ule mchoro wa ukubwa wa sarafu.

Kanuni za umoja huo hazimzuii mwenye tatuu. Isitoshe, alama hizo zimekuwa jambo la kawaida Marekani. Utafiti wa shirika la Pew mwaka wa 2023 ulibaini kwamba asilimia 32 ya watu wazima nchini humo wana tatuu, na miongoni mwa wanawake kiwango hicho ni asilimia 38. Wapo hata wanachama wanaochorwa herufi za chama chao baada ya kujiunga, kama vile wazee wa Kimakonde walivyochanjwa nembo usoni kuonyesha walikotoka.

Hata hivyo, kila tawi lina mazoea yake. Katika majimbo ya kusini, ambako mavazi ya usajili hupangwa kwa makini mithili ya ya harusi, baadhi ya wanachama bado hupendelea mwonekano wa kihafidhina. Mahali ilipo tatuu na ujumbe wake pia ni mambo ya kuzingatiwa. Ua dogo si sawa na tusi.

Kufunika si kudanganya

Kuvaa saa pana au viatu vinavyofunika kifundo si udanganyifu, kwani hata anayekwenda kuhojiwa kazini huchagua nguo. Lakini kubandika plasta huzua maswali kuliko tatuu yenyewe, na sweta katika joto la Agosti huwa adhabu.

Kuna jambo jingine. Wanachama wengi huchungulia kurasa za mitandao ya kijamii za waombaji kabla hawajabisha hodi. Aliyepiga picha ufuoni mwezi Julai, tatuu ikionekana, hafichi chochote kwa kuifunika Agosti. Akiulizwa kisha akakana, kosa litakuwa uongo, si wino. Njia ya mwongo ni fupi.

Yasiyofunikika

Historia inaonyesha kwamba mambo mazito zaidi yamewahi kuamua nani aingie. Mnamo Septemba 2013, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, lilifichua kuwa wasichana weusi walikuwa wamekataliwa na vyama vya wazungu, licha ya baadhi ya wanachama kutaka wakubaliwe. Baada ya kelele kuzuka kote nchini, chuo kiliamuru milango ifunguliwe upya, na baadhi ya wasichana weusi wakaalikwa.

Tatuu hufunikwa kwa ukanda wa saa. Rangi ya ngozi haifunikiki, wala lafudhi ya Kisumu au Voi. Mzazi wa Kenya anafaa kulijua hilo, na kujua pia kwamba Wamarekani weusi wana vyama vyao vya jadi, kikiwemo Alpha Kappa Alpha kilichoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka wa 1908, ambavyo huwapokea wanachama kwa utaratibu tofauti.

Kwa hivyo, kabla ya kuhangaikia kifundo cha mguu, msichana aulize gharama. Ada, malazi na chakula katika vyuo vikubwa huweza kufikia maelfu ya dola kwa mwaka, mbali na karo. Aulize pia masharti ya kutia sahihi: anayepata mwaliko kisha akaukataa hawezi kujiunga na chama kingine cha umoja huo chuoni hapo hadi usajili mkuu wa mwaka unaofuata.

Kuhusu tatuu, amuulize mshauri wa usajili, mwanafunzi ambaye hujitenga na chama chake kwa muda ili awaongoze waombaji bila upendeleo. Huyo hujua desturi za chuo husika. Akimwambia kuwa nyumba fulani haitamtaka kwa sababu ya ua moja dogo, atakuwa amempa habari muhimu kuhusu nyumba hiyo, kwani uanachama hukusudiwa kuwa wa maisha, na hakuna anayeweza kuficha kifundo cha mguu miaka minne mbele ya watu anaolala nao chumba kimoja.