Kisiwa kilichouzwa mara kadhaa chaangukia mikononi mwa wakazi wake

MUULIZE mkulima wa shamba la kukodi kwa nini hapandi miembe. Atakujibu kwamba mwembe unataka miaka, naye hana hakika hata ya msimu ujao.

Wakazi wa Eigg, kisiwa kidogo magharibi mwa Scotland, wanalijua vizuri jibu hilo. Kisiwa chao kina urefu wa kilomita 9 na upana wa kilomita 5 hivi. Upande wa kusini umesimama mlima wa mawe uitwao An Sgùrr, wenye mita 393. Kaskazini, katika eneo la Cleadale, ndiko kwenye ardhi nzuri ya kilimo. Watu hufuga kondoo na ng'ombe, na huvuka kwa feri hadi bandari ya Mallaig.

Kwa karne nyingi Eigg ilikuwa mali ya ukoo wa Clanranald. Mwishoni mwa miaka ya 1700, mwani uliingiza fedha. Haukuwa mwani wa kulimwa kama wa Unguja na Pemba. Ulikusanywa ufukweni, ukachomwa, na majivu yake yakauzwa kwa viwanda vya sabuni na vioo. Vita vya Ulaya vilipokwisha mwaka 1815, malighafi nafuu iliingia tena kutoka nje na bei ya majivu ikaporomoka. Miaka ya 1820 haijaisha, ukoo ukauza kisiwa.

Wenye kuumia zaidi walikuwa wapangaji. Mwaka 1853 familia 14 za kijiji cha Grulin ziliondolewa ili kupisha kondoo. Nyingi zilihamia Canada. Magofu ya nyumba zao yapo hadi leo.

Baada ya hapo kisiwa kiliendelea kubadili wenyewe. Mwaka 1975 kilinunuliwa na mfanyabiashara Keith Schellenberg, na mwaka 1995 kikaenda kwa msanii kutoka Ujerumani aliyejiita Maruma. Wakazi walilalamika kwamba wengi wao hawana mikataba ya kudumu. Nani atengeneze paa la nyumba anayoweza kuambiwa ahame?

Hatimaye waliamua kununua wenyewe. Walishirikiana na halmashauri ya Highland na shirika la hifadhi ya wanyamapori la Scotland, wakaunda mfuko na kuomba michango. Juni 12, 1997 walikinunua kwa pauni milioni 1.5. Fedha zilitoka kwa maelfu ya watu, sehemu kubwa ikitolewa na mfadhili mmoja asiyetaka kutajwa.

Wakati huo wakazi walikuwa 65 hivi. Sasa wamepita 100. Nyumba zimekarabatiwa na mikataba imeandikwa. Mwaka 2008 waliwasha umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua, badala ya kila nyumba kutegemea jenereta ya dizeli. Ili uwatoshe wote, nyumba hairuhusiwi kuvuta zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10.

Ardhi ya Eigg ni ileile. Kilichobadilika ni uhakika wa anayeitumia. Kwa mkulima wa kijijini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Anayekodi naye adai mkataba wa maandishi unaotaja miaka. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia kama apande mchicha au mwembe.