Nairuzi, Mihrajani na Likizo ya Desemba: Hukumu ya Familia Kukusanyika Katika Siku Zisizokuwa Idi

 

Kila inapokaribia Desemba, maimamu wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga huulizwa suala moja kwa sura nyingi. Watoto wa miji yetu wengi wanafanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwengineko. Desemba shule zimefungwa, maofisi yanapumzika tarehe 25 na 26, kisha tarehe mosi Januari, na mabasi yanateremsha watu usiku na mchana. Nyumba ya wazee pale Ngamiani au Makorora, iliyokaa na watu watatu mwaka mzima, inajaa wajukuu. Baba anachinja mbuzi, mama anapika pilau. Je, familia hii imesherehekea sikukuu ya wasiokuwa Waislamu? Wapo wanaojibu kuwa ndiyo, tena kwa ukali, na wapo vijana waliofikia kukataa chakula cha mama zao kwa hoja hiyo. Kwa kuwa upande mmja wa jambo hili una kujifananisha na wasiokuwa Waislamu, na upande wa pili una kukata udugu, na yote mawili yana makemeo mazito, haifai kulijibu kwa haraka.

Suala lenyewe si geni. Amepokea Abu Daud na Nasai kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili wanazocheza tangu zama za ujahili, akawaambia kuwa Allah amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri. Washereheshaji wa Hadithi wamesema siku mbili hizo zilikuwa Nairuzi na Mihrajani, sikukuu za Wafursi. Nairuzi ni mwanzo wa mwaka wao wa jua. Mihrajani ni ya majira ya kupukutika majani, joto linapovunjika na baridi kuanza kuingia, na ilikuwa siku ya kupelekeana zawadi, hasa kuwapelekea wafalme. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu hata magavana wa Bani Umayya wakawa wanapokea zawadi za Nairuzi na Mihrajani kutoka kwa raia, mpaka Umar bin Abdul-Aziz (99–101 H) alipoipiga marufuku.

Hapa msomaji wa pwani asidhani tunazungumza habari za mbali. Nairuzi hiyo hiyo ilivuka bahari ikatufikia, na sisi tukaiita Siku ya Mwaka. Mabaharia walihesabu mwaka wa siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15, alipanga misimu ya safari za Bahari ya Hindi kwa hesabu ya Nairuzi. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ukilinganishwa na kalenda ya Kizungu. Zama za Ibn Majid ulikuwa ukianza mwezi wa Novemba, na zama zetu huangukia Julai, katikati ya kipupwe. Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa hadi leo. Katika Mrima yetu pia siku hiyo ilijulikana, na Mtoro bin Mwinyi Bakari ameieleza miongoni mwa desturi za watu wa pwani katika kitabu chake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903.

Katika Siku ya Mwaka yalikusanyika mambo matatu, na kuyatenganisha ndiyo funguo ya suala letu. La kwanza ni hesabu: kujua mwongo wa kulima na mwongo wa kusafiri. Hilo ni elimu, na hakuna mwanachuoni aliyelikataza. La pili ni ada: kusafisha nyumba, kupika na jamaa kutembeleana. La tatu ni itikadi: kuoga baharini kwa kuamini kwamba maji ya siku hiyo yanaondoa nuksi ya mwaka, kuzima moto wa zamani mekoni ili balaa lisivuke, na makafara. Hili la tatu ndilo walilolipiga vita masheikh, na walikuwa katika haki. Lakini hatumjui mwenye elimu aliyesema kwamba aliyepalilia shamba lake Siku ya Mwaka, au aliyemtembelea shangazi yake siku hiyo, amefanya dhambi.

Wanaokaza husimama juu ya Hadithi ya Thabit bin Dhahhak (r.a.), naye ameipokea Abu Daud. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) akauliza kama hapo palikuwa na sanamu lililoabudiwa zama za ujahili, na kama palikuwa na idi miongoni mwa idi zao. Alipoambiwa hapana, akamwamrisha atekeleze nadhiri yake. Wanasema: kumbe lau pangekuwa na idi yao, angekatazwa. Ni kweli, na dalili hii ni nzito. Ila tuangalie kilichoulizwa. Nadhiri ni ibada, na kuifungamanisha ibada na mahali pa idi ya watu wengine ni kupatukuza mahali hapo. Mbuzi wa baba aliyefurahi kuwaona wajukuu si nadhiri wala kafara. Ni kitoweo, na lau likizo ya serikali ingehamishiwa Februari mbuzi huyo angechinjwa Februari. Imepokewa kwamba Ali (r.a.) aliletewa faludhaji, nayo ni aina ya halua, akaambiwa kuwa ni ya Nairuzi, akajibu kwa maana ya kwamba kwetu sisi kila siku ni Nairuzi. Hakuitupa halua, wala hakuipa siku heshima yoyote.

Kwa hiyo tunasema: mapumziko ya kazi ni wakati mtupu, na wakati mtupu hutiwa hukumu na kinachofanywa ndani yake. Kukusanyika kwa ajili ya kuunga udugu ni katika mambo yaliyoamrishwa, na amri hiyo haiondoki kwa sababu wengine wana sikukuu siku hiyo. Kinachokatazwa ni kuivaa siku yenyewe: kuchagua tarehe 25 kwa makusudi ya utukufu wake, kuweka mti na mapambo yake, kuwapa watoto zawadi kwa jina lake, kuwavisha kofia zake nyekundu. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H), ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, aliwakemea kwa maneno makali Waislamu wa Misri walioiga vyakula na zawadi za Wakristo katika sikukuu zao. Pamoja na hayo, alipoulizwa kama kitendo hicho peke yake ni kufuru, alijibu kuwa sicho. Wanaowahi kumtoa mtu katika dini kwa sahani ya pilau wangesoma jibu hilo mara mbili. Na mwenye kutaka kutoka katika shaka, likizo ni ndefu: karamu na iwe tarehe 27, au Ijumaa baada ya Sala.

Kwa ndugu zetu wa Muheza suala lina uzito zaidi. Tangu Wamishionari wa Kiingereza walipojenga Magila katika karne ya 19, ukoo mmoja wa Kibondei huwa na Waislamu na Wakristo chini ya babu mmoja. Hao hawaulizi habari ya likizo tu, wanaalikwa. Aya ya 8 ya Sura Mumtahana haikukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita, na Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) aliruhusiwa kuunga udugu na mama yake aliyekuwa mshirikina. Kumtembelea mjomba, kumjulia hali na kumsaidia ni wajibu wa udugu. Kuingia katika ibada yake hakujuzu. Kuhusu maneno ya pongezi, wanazuoni wamekhitalifiana: Ibn al-Qayyim ameyakataza kwa ukali, na katika wanazuoni wa zama hizi Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyajuzisha kwa njia ya adabu njema. Sisi tunaona dua ya heri na afya kwa mjomba inatosha. Kuhusu chakula, imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba aliulizwa juu ya zawadi za Majusi katika sikukuu yao, akakataza kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo na akaruhusu matunda. Na Mwislamu anayeitwa na jirani kuchinja, kama ilivyo ada ya nchi yetu, akachinja kwa jina la Allah na kwa nia ya nyama, basi nyama hiyo ni halali.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi kwetu. Nyumba ile ile iliyojaa Desemba, siku ya Idi huwa na nani? Mara nyingi ni wale wazee watatu. Serikali hutoa siku mbili kwa Idil-Fitri na moja kwa Idil-Adh-ha, mwezi huandama usiku wa mwisho, na mfanyakazi wa Dar es Salaam hajui apande basi lini. Udhuru huo tunaukubali kwa Fitri. Kwa Adh-ha hatuukubali, kwa kuwa mwezi umeshaandama siku tisa kabla, na sheria imeipanua: katika madhehebu ya Shafii udh-hiya huchinjwa siku ya Idi na siku tatu za Tashriq, mpaka jua la mwezi 13 Mfungo Tatu litue. Takbira baada ya Sala huendelea mpaka alasiri ya siku hiyo hiyo, na Mtume (s.a.w.) ameziita siku hizo kuwa ni za kula, kunywa na kumtaja Allah. Abu Ayyub (r.a.) amesimulia kuwa mtu alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumbani mwake, wakala na kulisha. Anayefika Jumamosi akamkuta baba yake hajachinja, hakuchelewa kitu.

Wala tusingoje Idi ituangukie likizoni. Aya ya 37 ya Sura Tawba imebatilisha kusogeza miezi ili ifuate majira, na kwa hiyo Idi huzunguka mwaka wote kwa miaka ipatayo 33. Fitri ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2000, Adh-ha mwishoni mwa Desemba 2006. Juni 2023, 2024 na 2025 Adh-ha ilikuja wakati wa kipupwe, likizo ya shule ikiwa mlangoni au imeshaanza. Kwa hesabu ya falaki, Fitri itarudi Desemba mwaka 2033. Maimamu wanaoandaa hotuba za Mfungo Pili na wawaambie wazee waandike barua na wapige simu mapema, na waajiriwa waombe ruhusa zao kwa siku za Tashriq kama wanavyoziomba kwa Desemba. Wallahu aalam.