Je, Wajua? Sketi ya Kwanza Ina Mshono Mmoja

Kama una kitenge kilichokunjwa kabatini kikisubiri siku ya kwenda kwa fundi, kitoe leo. Kwa anayeanza kushona, sketi ndiyo darasa zuri: haina mikono wala kola, na ile ya lastiki haitaki hata zipu.

Je, wajua kwamba yadi 2 za kitenge zinatosha sketi ndefu ya mtu mzima? Yadi 2 ni inchi 72, na upana wa kitenge kwa kawaida hukaribia inchi 45. Urefu wa kitambaa unauzungusha mwilini, upana wake unakuwa urefu wa sketi. Mwenye hipsi za inchi 42 huzidisha mara moja na nusu ili sketi ichanue: inchi 63, na 1 ya mshono, jumla 64. Zinabaki inchi 8 za kukatia mfuko. Hapo ni kushona ubavu mmoja tu, kisha kupinda kiunoni.

Je, wajua kwamba pindo la chini si lazima ulishone? Kingo mbili ndefu za kitenge zimefungwa kiwandani, hazichomoki nyuzi. Kata upande wa kiunoni, ukingo wa kiwandani ukae chini. Ila tazama michoro kwanza, ndege wasije wakaning'inia kichwa chini.

Je, wajua kwamba lastiki hukatwa fupi kuliko kiuno? Kwa kiuno cha inchi 30, kata inchi 28 au 29 ipate kushika. Lastiki ya inchi 1 ishonee njia ya inchi 1 na robo. Njia ikiwa nyembamba lastiki haipiti. Ikiwa pana mno, lastiki inajipindua ndani kila ukikaa. Acha uwazi wa inchi 2, uipitishe kwa pini ya nepi.

Je, wajua kwamba pini hiyo na cherehani vilipita kichwani mwa mtu mmoja? Walter Hunt, Mmarekani, alibuni miaka ya 1830 mashine ya nyuzi mbili yenye sindano iliyotobolewa nchani, lakini hakuichukulia hataza. Mwaka 1849 akapata hataza ya pini, akaiuza kwa dola 400. Hataza ya mashine ya nyuzi mbili aliipata Elias Howe mwaka 1846. Isaac Singer akafuata na mashine yake mwaka 1851.

Je, wajua kwamba kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa? Pamba hunywea. Ikinywea asilimia 3 tu, sketi ya inchi 40 inapungua zaidi ya inchi 1. Loweka, anika, piga pasi, ndipo ushike mkasi.

Je, wajua kwamba robo inchi inaweza kukunyima sketi? Sketi ya vipande 6 ina kingo 12 za kuunganisha. Ukiingia ndani ya mstari kwa robo inchi kila ukingo, umepoteza inchi 3 za kiuno. Chora mstari wa mshono kwa chaki, uufuate.

Je, wajua kwamba namba 90/14 kwenye pakiti ya sindano ni kipimo kilekile kwa mifumo miwili? 90 ni unene wa milimita 0.9. Kwa kitenge, 80/12 au 90/14 zinafaa. Tena ichunguze sindano yenyewe: ubavuni ina mfereji mrefu. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji huo. Ukiivika uzi kinyume, cherehani inaruka mishono au inakata uzi, na wewe unadhani imeharibika.

Je, wajua kwamba uzi ukifumana chini ya kitambaa, kasoro mara nyingi iko juu? Uzi wa juu umelegea au haukupita vizuri kwenye vikazio vyake. Inua mguu wa cherehani, vua uzi wote, uupitishe upya.

Je, wajua kwamba sketi ya solo ni hesabu ya duara? Gawa kiuno kwa 6.28. Kiuno cha inchi 30 kinakupa karibu inchi 4 na robo tatu: hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiunoni. Sketi hiyo ikiwa na urefu wa inchi 25, pindo la chini linazunguka inchi 187, zaidi ya yadi 5! Tena itundike usiku kucha kabla ya kupinda, maana sehemu zilizokatwa mshazari hushuka. Iache iwe sketi yako ya tatu au ya nne.

Je, wajua kwamba urefu wa sketi uliwahi kuwa jambo la siasa Tanzania? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Leo tepu iko mkononi mwako: pima kuanzia kiunoni hadi unapopenda wewe.

Je, wajua kwamba hata bila cherehani sketi ya lastiki inashoneka? Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, uivae, ukae, upande ngazi. Ikikukaa vizuri, shona kwa mkono ukirudisha sindano nyuma kila hatua hadi mshono uliotangulia unapoishia. Mshono wa namna hiyo ni imara. Isipokukaa, fumua bandi, urekebishe. Kwa bandi hakuna kilichoharibika, kwa hiyo huna sababu ya kuogopa kuanza wikiendi hii.