Kabla Kapu la Sadaka Halijapita

Katika Injili ya Yohana sura ya 4, mwanamke Msamaria anamtupia Yesu swali la mahali: watu waabudu kwenye mlima wa mababu zake, au Yerusalemu? Anajibiwa kwamba saa inakuja ambapo si huku wala kule. Baba anatafuta wa kumwabudu katika roho na kweli. Huku Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, swali hilo lina historia yake. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwa waliwasaidia Wajerumani vitani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko. Waliosalia waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930. Mungu wa mlima mmoja angebaki nyuma.

Makanisani tumeishia kudhani kwamba kuabudu katika roho ni msisimko: spika, kilio, jasho. Sina ugomvi na spika. Ila kweli inadai moyo ulingane na kinachotamkwa.

Hilo Wataita, wenyeji wa huku, walilijua kabla wamisionari wa Kianglikana wa CMS hawajaanza kazi Sagalla mwaka 1883. Katika kutasa, ibada yao ya kutoa hasira, mtu alichukua funda la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya kuiondoa na kuomba heri. Iliaminika kwamba kinyongo cha ndugu, hata kilichofichwa, chaweza kuleta maradhi nyumbani. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliyaandika haya katika kitabu alichochapisha mwaka 1978.

Injili inafanana na kutasa, lakini si sawa nayo. Katika kutasa, mwenye hasira ndiye aliyetakiwa kuitoa. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anamgeukia mwenye sadaka: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache, ukapatane naye kwanza. Aliyekosa ndiye anayefunga safari.

Ndiyo maana katika ibada ya Kianglikana watu hupeana amani kabla ya sadaka kupelekwa mezani. Justin, mwandishi Mkristo wa kale, akiandika Roma mnamo mwaka 150 hivi, alieleza utaratibu kama huo: busu, kisha mkate. Siku hizi tunampa mkono aliye karibu, dakika moja, wimbo unaanza. Yule tuliyemsogezea mpaka wa shamba ameketi benchi la nyuma, na kwa mujibu wa Mathayo huyo ndiye wa kufuatwa kwanza, hata kama kapu limeshaanza kuzunguka.