NCHI ZA JIRANI: NGAZI YA SAJINI NA FUNZO LA KONGO



Askari mwenye tepe tatu mkononi yuko mahali pagumu kuliko wengi wanavyodhani. Chini yake wako vijana wanaomtazama kama mzazi. Juu yake wako maofisa, baadhi yao wadogo kwake kwa umri, ambao amri zao haziwi vitendo mpaka zipite mikononi mwake. Ametumikia miaka kumi au zaidi. Si kuruta tena, wala hajawa mkongwe anayehesabu siku za kustaafu. Hapo ndipo swali moja huanza kumjia akiwa lindoni usiku: Je, kutoka hapa naelekea wapi?

Serikali isiyojishughulisha na swali hilo huliacha lijibiwe na wengine, na mara nyingi jibu hilo limetoka katika mtutu wa bunduki. Ushahidi tunao hapa hapa jirani.

Tuanze na Kongo. Jeshi la kikoloni la nchi ile, lililoitwa Force Publique, lilianzishwa katika miaka ya 1880 wakati Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 24,000. Maofisa wake, wapatao elfu moja, walikuwa Wabelgiji. Hakuwako Mkongo hata mmoja aliyekuwa na kamisheni. Askari wa Kikongo aliweza kutumikia maisha yake yote, akapigana Abyssinia katika Vita Kuu ya Pili, akawafundisha makuruta kizazi baada ya kizazi, lakini mwisho wa safari yake ulikuwa ngazi ya sajini-meja au juu yake kidogo. Hapo palikuwa na dari. Kila aliyeifikia aliigonga kichwa.

Fikirini sasa hali ya sajini yule mwezi Juni, 1960. Karani aliyesoma naye shule moja amekuwa waziri. Mwalimu wa kijijini kwake amekuwa mbunge. Nchi nzima inaimba uhuru, na yeye ndiye aliyesimama juani akilinda sherehe. Alipouliza lini zamu yake itafika, alijibiwa na Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi. Tarehe 5 Julai, 1960, jenerali huyo aliwakusanya askari wenye vyeo katika kambi ya mji mkuu, Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba hali ya baada ya uhuru ni sawa na ile ya kabla ya uhuru.

Jioni ile ile askari wa kambi ya Thysville, mji ambao leo unaitwa Mbanza-Ngungu, walikataa amri za maofisa wao. Moto ukasambaa toka kambi hadi kambi.

Ndugu wasikilizaji, tazameni kwa makini jinsi serikali changa ya Patrice Lumumba ilivyojaribu kuuzima. Hatua ya kwanza ilikuwa kumpandisha kila askari cheo kimoja. Kwa haraka hatua hiyo huonekana ya ukarimu, lakini kila mtu akipanda kwa pamoja, hapana aliyepanda. Aliyekuwa juu ya mwenzake amebaki juu yake, na ile dari imebaki pale pale, kwa kuwa maofisa walikuwa bado ni Wabelgiji. Maasi hayakutulia. Tarehe 8 Julai serikali ikachukua hatua ya pili, kubwa zaidi. Victor Lundula, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili, akafanywa Meja Jenerali na mkuu wa jeshi. Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa ameacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajini-meja na kuingia katika uandishi wa habari, akafanywa Kanali na mkuu wa utumishi wa jeshi. Katika kambi, masajini wakawa maofisa, na mahali pengine askari wenyewe walishirikishwa katika kuwachagua.

Kosa la Kongo halikuwa kuwapa Wakongo vyeo. Haki hiyo ilikuwa imecheleweshwa miaka mingi, na wa kulaumiwa ni wakoloni waliokataa kuwaandaa. Maafa yalikuja kwa sababu kazi ya kuandaa watu kwa miaka kumi ilitakiwa kufanywa kwa siku tatu. Sajini hodari anajua kuongoza watu thelathini. Lakini nani alikuwa amemfundisha kupanga chakula, mafuta, mishahara na mawasiliano ya watu mia nane? Mwezi Agosti, 1960, majeshi ya serikali yalipopelekwa Kasai ya Kusini kuzima ujitengaji, nidhamu ilivunjika na raia wengi wakauawa huko Bakwanga. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wamekwisha kurudisha askari wao kwa kisingizio cha kuokoa raia wao, na tarehe 11 Julai Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi. Tarehe 14 Septemba Mobutu akatwaa madaraka. Tarehe 17 Januari, 1961, Lumumba akauawa.

Hatusemi kwamba hayo yote yaliletwa na vyeo vya masajini. Ubeberu ulikuwa na mkono wake, na utajiri wa Katanga ulikuwa na mvuto wake. Lakini mlango ambao maafa hayo yalipitia ulifunguliwa na askari mwenye tepe aliyeambiwa waziwazi kwamba mbele yake hakuna njia.

Uganda nayo ina funzo lake. Katika King's African Rifles, Waingereza waliweka cheo cha effendi, juu ya sajini-meja lakini chini ya ofisa wa Kizungu aliye mdogo kuliko wote. Neno hilo la Kituruki ndilo askari wa Afrika Mashariki wanalolitamka hadi leo kwa namna ya "afande". Idi Amin aliingia jeshini mwaka 1946, akapata cheo cha effendi mwaka 1959, na mwaka 1961 akawa luteni. Safari ya toka chini hadi uluteni ilimchukua miaka kumi na mitano. Kisha Uganda ikapata uhuru mwaka 1962, askari wa Jinja wakaasi tarehe 23 Januari, 1964, na mishahara na vyeo vikatolewa kwa haraka ili kuwatuliza. Kufikia mwaka 1966 Amin alikuwa mkuu wa jeshi. Miaka kumi na mitano ya kucheleweshwa ikafuatwa na miaka mitano ya kurushwa, na katika vipindi vyote viwili hakupata elimu iliyolingana na mzigo aliopewa. Tarehe 25 Januari, 1971, aliipindua serikali. Kilichofuata kila Mwafrika wa Mashariki anakijua.

Sisi wenyewe hatukupona. Tarehe 20 Januari, 1964, siku tatu kabla ya Jinja, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 24 zamu ikawa ya Lanet, Kenya. Tanganyika ilivunja jeshi lile la kurithi, na tarehe 1 Septemba, 1964, ikazaliwa Jeshi la Wananchi, lililojengwa upya toka chini.

Baada ya hayo tujiulize: ngazi iliyo sawa ikoje?

Kwanza, sajini aelezwe hesabu ya kweli. Tuchukue mfano wa kikosi cha askari wa miguu chenye kombania nne, kila kombania platuni tatu, na kila platuni seksheni tatu. Kikosi hicho kina nafasi 36 za koplo wa seksheni, nafasi 12 za sajini wa platuni, nafasi nne za sajini-meja wa kombania, na nafasi moja tu ya sajini-meja wa kikosi. Ziko pia nafasi za ghalani, za mawasiliano, za karakana na za ukufunzi, lakini umbo ni lile lile, pana chini na jembamba juu. Kwa hiyo kukosa nafasi mara moja si lazima iwe dhuluma. Dhuluma ni kufichwa sababu. Mkuu anayemwita sajini na kumwambia, "Umekosa kwa sababu hii, na ukitaka kufikiriwa tena fanya hivi," amefanya kazi kubwa ya ulinzi wa taifa kuliko anavyojua.

Pili, masomo yatangulie cheo. Mji ule ule wa Jinja, ulioona maasi ya mwaka 1964, umekuja kuwa na chuo cha jeshi la Uganda cha kuwafundisha askari wenye vyeo wasio na kamisheni. Kenya nayo, jeshini na katika polisi, imeweka daraja la sajini mwandamizi juu ya sajini wa kawaida, ili mtu asibaki mahali pamoja pasipo hatua ya kati. Hizo ni njia za kuondoa ile dari ya Kongo bila kuirudia haraka ya Kongo.

Tatu, cheo kisiwe zawadi ya kutuliza kelele. Hapa Kongo imetupa funzo la pili, la karne hii. Baada ya vita vilivyomalizika rasmi mwaka 2003, na tena kwa makubaliano ya Machi, 2009, wapiganaji wa makundi ya waasi waliingizwa katika jeshi la taifa pamoja na vyeo walivyojipa porini. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi tena chini ya jina la M23, na miongoni mwa madai yao lilikuwa hilo la kutambuliwa vyeo. Mtazameni sasa yule sajini mtiifu aliyebaki kambini miaka yote. Ameona jirani yake akiondoka na bunduki na kurudi na nyota begani. Amefundishwa nini kuhusu utii?

Hayo ni ya serikali na makamanda. Lakini sajini naye ana sehemu yake, na haifai kuketi akisubiri bahati kama mvuvi asiyetupa ndoana.

Ajue kilichomo katika jalada lake. Kozi aliyohitimu lakini cheti chake hakikufika masijala, mbele ya kamati ya vyeo ni kana kwamba hakuisoma. Mara moja kwa mwaka aombe, kwa njia ya mkuu wake na kwa adabu ya kijeshi, kuhakikisha kuwa kumbukumbu zake zimekamilika.

Aijue kazi ya cheo cha juu kabla ya kukivaa. Sajini wa platuni anayetamani kuwa sajini-meja wa kombania ajifunze mapema kupanga zamu za watu mia, kukagua ghala ya silaha, kuandika taarifa isiyo na maneno ya ziada, na kusuluhisha ugomvi wa nyumba za askari. Kwa polisi ni hivyo hivyo: sajini asiyejua kusimamia kitabu cha matukio na mahabusu wa kituo kizima hawezi kulalamika kwamba hakukabidhiwa kituo.

Asikae sehemu moja mpaka akaota mizizi. Miaka minane ghalani inampa mtu ubingwa wa ghala na kumsahaulisha uwanja. Mwenye mpango hukubali uhamisho mgumu, na hasa nafasi ya kufundisha makuruta, kwa kuwa anayemfundisha mwingine hulazimika kujifunza upya.

Aendelee na shule. Wengi waliingia jeshini kabla ya kumaliza masomo kwa sababu za umaskini, na hilo si aibu. Aibu ni kupata jioni tatu kwa wiki, miaka kumi mfululizo, na kuzimaliza zote kantini. Lugha, hesabu na kusoma ramani ndizo silaha ambazo hazirudishwi ghalani siku ya kustaafu.

Na mwisho, amwandae atakayeshika nafasi yake. Sajini anayeficha ujuzi wake ili aonekane hana mbadala hujifunga mwenyewe, maana mkuu wake ataogopa kumwondoa pale hata nafasi ya juu ikipatikana. Mwenye koplo aliye tayari huondoka bila pengo.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini subira hudumu kwa mtu anayeiona heri ikija, hata kama bado iko mbali. Masajini wa Kongo walikuwa wamesubiri maisha yao yote. Siku walipoandikiwa ubaoni kwamba hakuna kinachokuja, subira ile iligeuka hasira kabla ya jua kutua, na nchi yao ikaingia katika mateso ambayo vizazi vitatu havijayamaliza. Basi kamanda yeyote mwenye chaki mkononi na ajihadhari na anachowaandikia askari wake. Na sajini yeyote anayesikiliza usiku huu afungue daftari lake, aandike kozi ipi anaitaka mwaka ujao, kazi ipi aijifunze, na koplo yupi amwandae, kisha asubuhi aende akamwambie mkuu wake.