Mkate, Nyota na Behewa la Mwisho: Vitabu Vinavyotuingiza Paris Chini ya Wanazi

Jeshi la Ujerumani liliingia Paris asubuhi ya Juni 14, 1940. Halikupigana mitaani, kwa sababu mji ulikuwa umetangazwa kuwa hautalindwa, ili usibomolewe. Mamilioni ya Wafaransa walikuwa wamekwishashika njia ya kusini, kwa magari, kwa baiskeli na kwa miguu. Mojawapo ya mambo ya mwanzo ambayo watawala wapya waliyagusa lilikuwa saa. Mishale ilisogezwa mbele ili Paris ifuate majira ya Berlin, na tangu hapo watu wakaamka kwa saa ya aliyewashinda.

Jambo hilo halipewi nafasi kubwa katika vitabu vya majemadari. Huko tunasoma juu ya vifaru, mikataba na hotuba. Lakini iko rafu nyingine, yenye shajara, riwaya na kumbukumbu za watu walioishi Paris kwa miaka minne na zaidi kidogo, hadi mji ulipokombolewa Agosti 25, 1944. Waandishi wake ni mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo kikuu, mchoraji, mtumishi wa makumbusho, hata ofisa wa jeshi lililoukalia mji. Wanachoandika ni bei ya siagi, foleni, safari ya metro, barua iliyochelewa. Nimezisoma kazi hizi kwa miaka mingi, na naamini ndizo zinazotufundisha vizuri zaidi jinsi udhalimu unavyoingia katika mji: kwa amri ndogondogo, moja baada ya nyingine, kila moja ikionekana kuwa yaweza kuvumilika.

Tumbo kwanza

Ukifungua shajara yoyote ya Paris ya miaka ile, utakutana na chakula. Kadi za mgao zilianza kutumika Septemba 1940, na watu wakagawanywa kwa herufi kulingana na umri na kazi: watoto wachanga, vijana, watu wazima, wafanyakazi wa kazi nzito, wazee. Mtu mzima alianza na gramu 350 za mkate kwa siku, na mwaka uliofuata zikashuka hadi 275. Tena kuwa na kadi hakukuwa sawa na kupata chakula. Wanawake walipanga foleni kabla ya mapambazuko, na wakifika mbele huambiwa kimekwisha. Rutabaga, mzizi ambao wakulima waliuona kuwa chakula cha mifugo, ukawa mlo wa kila siku. Watu walifuga sungura katika vyumba vya ghorofani. Mwaka 1941 magazeti yalilazimika kuwaonya wakazi wasile nyama ya paka, kwa kuwa paka hula panya wenye magonjwa.

Ngozi ilipokwisha, viatu vikatiwa soli za mbao, na mlio wake ukawa sauti ya mitaa ya Paris. Petroli ilikwenda jeshini, kwa hiyo teksi zikawa vigari vinavyovutwa na baiskeli.

Njaa hii haikumpiga kila mtu sawasawa, na waandishi wa riwaya walilisema hilo waziwazi baada ya vita. Marcel Aymé, katika hadithi fupi iliyotoka mwaka 1947, anawafuata wanaume wawili wanaobeba nyama ya nguruwe wa magendo katika masanduku, wakiuvuka mji mzima usiku hadi Montmartre huku wakiwakwepa polisi. Mwaka 1956 hadithi hiyo ilifanywa filamu na Claude Autant-Lara, Jean Gabin akiwa mmoja wa waigizaji. Jean Dutourd naye, katika *Au bon beurre* ya mwaka 1952, anatuonyesha mume na mke wenye duka la maziwa na siagi wanavyotajirika kwa shida za wateja wao. Kitabu hicho kiliwachoma wasomaji wengi kwa sababu kila mtaa ulikuwa na duka kama lile.

Mwalimu aliyekataa kuchapisha

Jean Guéhenno alikuwa mtoto wa fundi viatu aliyesoma hadi akawa mwalimu wa fasihi na mwandishi mwenye jina. Wajerumani walipoingia, alijiwekea sharti moja: hatachapisha hata neno moja maadamu uchapishaji unapitia kwa Wanazi. Kuchapisha wakati ule kulikuwa na bei yake. Tangu mwaka 1940 ilikuwapo orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, iliyoitwa orodha ya Otto. Ilikuwa na zaidi ya vichwa elfu moja, vikiwemo vya waandishi Wayahudi na vya wapinzani wa Hitler, na wachapishaji wa Ufaransa wenyewe walikubali kuitekeleza. Mwandishi aliyetaka jina lake lionekane dukani alipaswa kunyamazia hayo yote.

Guéhenno aliandika shajara yake kwa siri na kuitoa mwaka 1947 kwa jina la *Journal des années noires*. Humo anawakemea waandishi wenzake wasioweza kuvumilia majina yao kusahauliwa. Anawaeleza pia wanafunzi wake, vijana waliokaa mbele yake darasani wakisoma fasihi ya kale, huku yeye akijua kwamba baadhi yao watapelekwa kufanya kazi Ujerumani na wengine watakufa. Mwaka 1943 serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimshusha cheo. Aliendelea kufundisha na aliendelea kuandika. Kwangu mimi, hiki ndicho kitabu bora kwa anayetaka kujua heshima ya mtu hulindwaje wakati hana bunduki.

Wengine walichagua njia ya hatari zaidi. Jean Bruller, mchoraji, alijiita Vercors, na pamoja na Pierre de Lescure akaanzisha shirika la uchapishaji la siri, Éditions de Minuit. Kitabu chao cha kwanza, *Le Silence de la mer*, kinasimulia mzee na mpwa wake wanaolazimishwa kumpa malazi ofisa wa Kijerumani, nao wanaamua kutomjibu hata neno. Kilipigwa chapa mwaka 1942, nakala mia tatu na hamsini hivi, katika kijiwanda kidogo kilichozoea kuchapa kadi za harusi na matangazo ya vifo. Kurasa zilichapwa nane kwa wakati mmoja, ng'ambo ya barabara ikiwapo hospitali iliyojaa wanajeshi wa Kijerumani. Agnès Humbert, mtaalamu wa historia ya sanaa, alikuwa katika kundi la watu wa makumbusho waliotoa gazeti la siri mwishoni mwa mwaka 1940. Alikamatwa mwaka uliofuata na kupelekwa Ujerumani kufanya kazi za shuruti kiwandani. Februari 1942 wenzake saba walipigwa risasi katika ngome ya Mont-Valérien. Kumbukumbu zake, *Notre guerre*, zilitoka mapema sana, mwaka 1946, na hasira yake bado inasikika katika kila ukurasa.

Wiki moja, shajara mbili

Iko wiki moja ya Juni 1942 ambayo tunaweza kuisoma kwa macho ya watu wawili wasiojuana. Amri ya Wajerumani ilitaka kila Myahudi mwenye umri wa miaka sita na zaidi ashone nyota ya njano kifuani kuanzia Juni 7. Nyota zilitolewa tatu kwa kila mtu, na waliozipokea walikatwa pointi katika kadi zao za mgao wa nguo. Walilipia alama ya kudhalilishwa kwao.

Ernst Jünger, mwandishi maarufu wa Kijerumani aliyekuwa kapteni Paris, alipanga katika hoteli ya Raphael na kuandika shajara yake baada ya chakula kizuri na mazungumzo na wasanii. Siku ile ya Juni 7 aliona wasichana watatu wakipita Rue Royale wameshikana mikono, nyota vifuani. Aliandika kwamba aliona haya kuwa amevaa sare yake. Kisha maisha yake yakaendelea. Aliona vizuri, aliandika vizuri, na alibaki katika kazi yake. Shajara yake inapaswa kusomwa kwa sababu hiyo: inaonyesha jinsi mtu mwenye akili na hisia anavyoweza kuishi ndani ya uovu bila kuondoka.

Hélène Berr alikuwa na miaka 21, akisoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Sorbonne na kupiga fidla. Shajara yake inaanza Aprili 1942, siku aliyokwenda kuchukua kitabu ambacho mshairi Paul Valéry alimwandikia wakfu. Ilikuwa siku ya furaha. Miezi miwili baadaye anajadiliana na nafsi yake: avae nyota au asivae? Mwanzoni aliona kuivaa ni kutii sheria ya aibu. Kisha akaamua kwamba kutoivaa ni kuwatupa wenzake wasio na hiari. Akatoka nyumbani na nyota yake, kichwa juu, akiwatazama watu usoni. Baadhi waligeuza macho. Mwanamume mmoja alimsogelea na kumpa mkono wa heshima. Katika metro alielekezwa apande behewa la mwisho, lililotengwa kwa Wayahudi. Mwezi huohuo baba yake alikamatwa kwa sababu nyota yake ilikuwa imebanwa kwa vifungo badala ya kushonwa.

Zipange sasa amri hizo kwa mpangilio wa tarehe. Oktoba 1940, Wayahudi wanatakiwa kujiandikisha. Agosti 1941, wasalimishe redio zao. Februari 1942, wasitoke nje kuanzia saa mbili usiku. Juni, nyota. Julai 8, wasiingie katika sinema, maktaba wala bustani, na wanunue mahitaji yao kati ya saa tisa na saa kumi alasiri tu, wakati maduka yamekwishabaki matupu. Siku nane tu baadaye, Julai 16 na 17, polisi wa Ufaransa wakapita mlango kwa mlango na kuwakamata watu 13,152, wakiwamo watoto 4,115. Familia nyingi zilifungiwa kwa siku kadhaa katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Vélodrome d'Hiver, kisha zikapelekwa kambini na, kwa njia ya reli, hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Majina na anwani zilikuwa tayari katika faili tangu siku ya kujiandikisha.

Berr aliona yote hayo na hakukimbia. Alijitolea kuwahudumia watoto ambao wazazi wao walikuwa wamechukuliwa. Kila alipomaliza kurasa kadhaa alimkabidhi mpishi wa familia azifiche, ili zimfikie mchumba wake, Jean Morawiecki, aliyekuwa amekwenda kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru. Ukurasa wa mwisho ni wa Februari 15, 1944. Machi 8 alikamatwa pamoja na wazazi wake, na Machi 27, siku aliyotimiza miaka 23, wakapandishwa treni ya Auschwitz. Alifia katika kambi ya Bergen-Belsen Aprili 1945, siku chache kabla ya Waingereza kufika. Shajara ilikaa bila kuchapishwa kwa zaidi ya nusu karne, ikatoka mwaka 2008.

Nguvu ya kitabu hicho ni kwamba mwandishi hajui kesho. Sisi tunajua, na tunasoma tukitamani kumpigia kelele aondoke. Yeye anaandika leo yake tu: jua, muziki, mtihani, hofu, rafiki asiyerudi. Mwanahistoria anapoandika baada ya matokeo, mambo huonekana yalikuwa yamekwishaamuliwa. Shajara hutukumbusha kwamba kila siku ilikuwapo nafasi ya mtu fulani kutenda tofauti: karani, polisi, jirani, abiria wa behewa jingine.

Waliopotea bila shajara

Wengi hawakuacha maandishi. Patrick Modiano, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2014, alikuta katika gazeti la *Paris-Soir* la Desemba 31, 1941 tangazo la wazazi wanaomtafuta binti yao wa miaka 15, Dora Bruder. Alitumia miaka mingi kufuatilia rejesta za shule, kumbukumbu za polisi na mitaa aliyopita msichana huyo. Kitabu *Dora Bruder* kilitoka mwaka 1997. Kinaeleza yale machache yaliyopatikana, na mahali ambapo hakuna habari Modiano hakuzibuni. Dora alipelekwa Auschwitz pamoja na baba yake Septemba 18, 1942.

Siku tano baadaye, Septemba 23, majeshi ya Uingereza, wakiwamo askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Afrika Mashariki, yaliingia Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, yakipigana na serikali ileile ya Vichy ambayo polisi wake walimkamata Dora. Vita hivyo vilikuwa vyetu pia. Mshairi Shaaban Robert aliviimba katika *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, kazi kubwa yenye maelfu ya beti. Utenzi huo unatupa ukubwa wa vita. Shajara za Paris zinatupa upande wa pili, wa sufuria, tiketi na kitufe cha koti, na msomaji anahitaji pande zote mbili.

Kwa atakayependa kuanza, ushauri wangu ni aanze na Berr, amfuatishe Guéhenno, kisha Modiano. Vyote vitatu vimetafsiriwa kwa Kiingereza. Ningependa mno mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam au Nairobi ajitwike kazi ya kumtafsiri Berr kwa Kiswahili, na kitabu kiingie katika maktaba za shule zetu. Kijana wa kidato cha nne atamwelewa mwanafunzi huyu anayependa vitabu na kuogopa mitihani, kisha atayaona yale yaliyomzunguka hatua kwa hatua. Ataondoka na swali la kuuliza mapema, katika nchi yoyote na chini ya serikali yoyote, kila jina la kundi fulani la watu linapoandikwa katika orodha ya peke yake: orodha hii ni ya nini, na amri itakayofuata ni ipi?